Germani wangu alikuwa koko, na klabu wakanikubali hivyo hivyo

Mwaka jana mwezi wa tatu nilinunua Germani, yaani mbwa wa aina ya German Shepherd. Wale mnatumia highway ya Nairobi kuja Nakuru mnawajua wale vijana husimama kando ya barabara wameinua mtoto wa mbwa juu kama mtu anauza karoti, gari ikipunguza mwendo tu ashafika dirishani. Mshahara ulikuwa umeingia hiyo siku kwa hivyo akili pia haikuwa sana. Elfu nane. Jamaa akaapa mama ya huyo mbwa anafanya kazi na polisi, nikauliza mbona masikio yamelala, akasema yatasimama tu, mpe kalisiamu.

Miezi saba baadaye masikio bado yamelala, mkia umejikunja kama wa nguruwe, na mke wangu ashaanza kumwita Koko mbele ya wageni. Nikapigia mfugaji mmoja wa Germani nimuulize kama kuna matumaini. Aliuliza kitu moja, mbwa ako na makaratasi? Yaani ya East Africa Kennel Club kule Nairobi, wale husajili mbwa wa ukoo unaojulikana. Nikasema hapana. Akakata simu.

Kwa hivyo nilipoambiwa kuna watu wa Germani hukutana Jumapili asubuhi kwa uwanja mmoja huku Section 58, nilienda nikijua naenda kuchekwa. Na kuna mmoja alicheka kweli, siwezi danganya. Lakini kuna mzee, fundi wa magari aliyestaafu, alichuchumaa akamfungua mdomo, akamwangalia meno, akauliza, "Kijana, huyu amechanjwa lini?" Nikanyamaza. Sikuwa hata na kadi. Akaniambia basi rudi naye nyumbani saa hii, Jumapili ijayo kuja wewe peke yako.

Nilidhani nimefukuzwa, kumbe hivyo ndivyo wao hukaribisha mtu. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, ikiingia kwa udongo inaweza kaa miezi mingi, na hapo uwanjani kuna watu huleta watoto wa mbwa, kwa hivyo bila chanjo hukanyagi. Jumapili iliyofuata nikaenda bila mbwa, nikapewa kamba ya mbwa wa mtu mwingine nishike, masaa mawili nazunguka tu na mama mmoja mwalimu ananiambia usivute, legeza, usivute, wewe mbona unavuta! Hakuna form nilijaza, na hakuna mtu aliniuliza nina pesa ngapi.

Mzee ndiye alinieleza hii aina ilitoka wapi. Mwaka wa 1899 huko Ujerumani mwanajeshi anaitwa Max von Stephanitz aliona mbwa wa kuchunga kondoo akampenda kwa sababu ya kazi, si sura, akamnunua akamwita Horand, na mwaka huo huo wakaanzisha klabu. Dume anafaa kuwa sentimita 60 hadi 65 mabegani, basi. Huku kwetu kila mtu anataka mkubwa kama ndama, mgongo umeteremka kama paa la kibanda, halafu mbwa akifika miaka mitano hawezi kuinuka kwa sababu ya nyonga. Mzee ako na jike msafi kabisa, makaratasi yote, lakini eksirei ilionyesha nyonga si nzuri akakataa kumzalisha, na watu walikuwa washaanza kuleta deposit ya watoto. Mimi hapo ndipo nilimheshimu.

Sasa kitu ilinifurahisha ni ya Septemba. Tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na klabu huenda shule kuongea na watoto. Tukaenda primary moja upande wa Lanet na Germani wawili wazuri. Watoto walitoroka wote wakaenda kusimama nyuma ya choo. Mwalimu wetu akaniangalia akasema, leta Koko.

Koko akalala chini kama mkeka, wakarudi mmoja mmoja. Na ukifikiria ni kweli, mtoto akiona Germani anajua akae mbali, shida ni ule koko wa jirani anacheza naye kila siku na hajawahi ona sindano. Tukawaonyesha mbwa akikujia usikimbie, simama kama mti, mikono chini, usimkodolee macho. Ukiumwa unaosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo, kwa sababu kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kupona ni kama hakuna. Kuna mama wa jikoni alikuja akasema kwao walikuwa wanapaka mafuta ya taa. Hakuna aliyemcheka, mwalimu alimwita tu mbele aoshe mkono wa mtoto mmoja kwa beseni huku darasa likihesabu dakika kwa sauti.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana wa class three, ati kwa nini geti zote za huku zimeandikwa mbwa kali na zingine hazina mbwa. Mzee alikohoa tu.

Na wale mnauliza, ndio, sikio moja lilisimama alipomaliza mwaka. La kushoto bado tunangojea.