Visanduku vinne ukutani: nilivyojifunza kuchora kwa Charlie Brown

Hapa Dar es Salaam Snoopy ni fulana. Pita Karume au Tandika kwenye mitumba, utamkuta kalala chali juu ya paa la kibanda chake, kachapwa kifuani kwa mtu ambaye hajawahi kusoma hata kisanduku kimoja cha katuni iliyomzaa. Ukiuliza utaambiwa ni kale kambwa ka watoto. Nami nilijua hivyohivyo, mpaka nilipokutana na kitabu cha katuni hiyo, chenye kurasa za njano, kwa muuza vitabu vilivyotumika pale Posta, kimebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na kamusi isiyo na jalada. Alitaka elfu tatu, nikampa mbili. Mimi ni kinyozi, na kazi hii ina saa nyingi za kungoja kichwa kinachofuata.

Kitabu kile ndicho kilichonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulisimulia. Leo ukutani kwenye saluni yangu, Magomeni, kuna kibonzo changu mwenyewe cha visanduku vinne, kipya kila Jumatatu, na nikichelewa kukibadilisha wateja wanauliza. Sikusomea kuchora. Aliyenifundisha ni marehemu Charles Schulz, mzaliwa wa Minnesota, Marekani, na sidhani kama aliwahi kuisikia Magomeni.

Katuni yake, ile iliyomzaa Snoopy, inaitwa Peanuts. Ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti saba tu, ikaja kuenea kwenye magazeti zaidi ya 2,000 duniani. Kwa karibu miaka 50 alichora vibonzo 17,897, na kila kimoja alikichora kwa mkono wake, hata maneno aliyaandika mwenyewe. Hakuwa na kijana wa kumjazia wino. Mimi nina kijana wa kufagia nywele na bado nalalamika kuchoka. Kilichonimaliza kabisa ni hiki: baba yake Schulz, mzee Carl, alikuwa kinyozi mjini St. Paul. Na Charlie Brown, yule mtoto wa kichwa cha duara anayebeba katuni nzima, baba yake naye ni kinyozi. Niliwaambia wateja, wakadhani najipigia debe.

Nilianza kwa kunakili. Asubuhi kabla sijafungua nilibandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha, jua likipita nyuma yake, karatasi nyeupe juu, nikafuatisha mistari kwa penseli. Baadaye nikawa naangalia mara moja, nafunika kitabu, nachora kwa kukumbuka. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Kichwa cha Charlie Brown ni duara, nywele ni mstari mmoja uliojikunja kwenye paji, macho ni nukta mbili. Utasema mtoto wa chekechea anaweza. Jaribu. Sogeza nukta moja kidogo tu, huzuni inageuka usingizi. Ongeza vijistari viwili vilivyopinda pembeni mwa macho, mtoto anaingiwa na wasiwasi hata kabla hujasoma anachosema. Ni kama kumnyoa mtu fedi: yeye anaona nywele zimepungua tu, wewe unajua pale mashine ilipopita mara moja zaidi.

Visanduku vyenyewe vina hadithi ya kibiashara. Kampuni iliyokuwa ikiisambaza katuni iliwauzia wahariri kama kitu kisichokula nafasi: visanduku vinne vinavyolingana, mhariri avipange kwa mlalo, kwa wima, au viwili juu viwili chini, kadiri ukurasa utakavyoruhusu. Schulz alikaa ndani ya kipimo hicho mpaka mwishoni mwa miaka ya 80. Mtu mwingine angelia kwamba amebanwa. Yeye nadhani alinufaika. Nafasi ikiwa ndogo hivyo, huwezi kuchora mtaa mzima, wala sebule na makochi yake; unabaki na ukuta mfupi wa matofali, watoto wawili wameegemea, wanazungumza.

Nami nilijipa kipimo hichohicho. Karatasi ya manila naikata katikati, napiga mistari kwa rula, visanduku vinne. Naandika maneno kwanza, ndipo nachora, kwa sababu maneno hayakubali kubanwa na mchoro unakubali.

Jambo la pili nililolichukua kwake ni kisanduku cha kimya. Mara nyingi utaona kisanduku cha kwanza mtoto anasema jambo, cha pili anajibiwa, cha tatu hakuna neno lolote, wamesimama tu wanatazama mbele. Cha nne ndipo kauli inapodondoka. Kile cha tatu ndicho kinachochekesha, ingawa ukikitazama peke yake hakina kitu. Sisi tuliokulia kwenye gazeti la Sani, kwa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, tulizoea purukushani: mtu anakimbizwa, jasho linaruka, kila pembe ina mzaha wake. Naipenda purukushani ile mpaka kesho. Lakini ukutani saluni haikai. Mtu anaisoma huku redio inaongea, mashine inanguruma na wenzake wanabishana. Kimya kinamvuta kuliko kelele.

Vibonzo vyetu vingi, tena, vinaishi kwa jambo la leo. Wazee wangu wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru; kizazi changu kina Kipanya wa Masoud, anayemnong'oneza mkubwa asichotaka kusikia. Ili ucheke lazima ujue kilichotokea jana. Nilijaribu njia hiyo na kuiacha upesi, maana benchi la saluni likishagawanyika kwa siasa hakuna anayekumbuka aliyetangulia kwenye foleni. Nikajiwekea sheria: hakuna kiongozi, hakuna Simba, hakuna Yanga. Schulz naye watu wazima karibu hawachori kabisa. Wapo, watoto wanajibizana nao, ila hatuwaoni. Kwenye kibonzo changu mama ni sauti tu inayotoka jikoni.

Wahusika wangu ni watatu. Seba ni kipa wa timu ya chandimu inayofungwa kila Jumapili. Dada yake, Mwanaidi, ana daftari la kurasa mia ambamo ameandika madeni yote ya kaka yake tangu akiwa darasa la kwanza, pamoja na maandazi. Wa tatu ni jogoo wa jirani anayejiona konda wa daladala. Anapanda juu ya tenki la maji, anagonga bati kwa ukucha na kuita abiria wa Kariakoo. Huyo simfichi asili yake. Snoopy kuanzia 1965 hupanda juu ya kibanda chake akajiona rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kibanda ndiyo ndege, na kinarudi kimejaa matundu ya risasi. Kuna vitu vya Schulz havivuki bahari: theluji, maboga ya Oktoba, besiboli. Lakini mti unaokula tiara za Charlie Brown unavuka bila pasipoti, kwetu kazi hiyo inafanywa na nyaya za umeme. Niliuchora waya ukitabasamu, na watoto walioletwa kunyolewa kwa ajili ya shule ndio waliokuwa wa kwanza kucheka bila kuelezwa.

Watu wazima walichelewa. Mzee mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, alisimama mbele ya kile cha kwanza kabisa, akakisoma, akasubiri kidogo kama vile kuna karatasi nyingine nyuma.

"Kijana, hii imeishia wapi?"

"Imeishia hapo, mzee wangu."

"Kafungwa tu basi?"

"Kafungwa tu."

Akaondoka bila kucheka. Alivyorudi baada ya wiki mbili, maana yeye nywele zake huzikata hivyo, Seba alikuwa amefungwa tena, safari hii na mpira uliogonga mbuzi. Aliporudi mara nyingine hakukaa hata kwenye benchi, alikwenda moja kwa moja ukutani, na nikamsikia, "Jamani, huyu mtoto!" Hapo nikaelewa kilichokuwa kikinisumbua kwenye kitabu. Kibonzo cha gazeti kikichukuliwa kimoja kimoja si cha kuvunja mbavu. Kinataka mtu anayerudi. Lucy, msichana wa katuni hiyohiyo, alianza kumwondolea Charlie Brown mpira mwaka 1952, kila anapokimbia kuupiga, naye anaruka hewani na kutua kwa mgongo. Ukiona mara moja, ni ukorofi wa mtoto. Ukiona miaka inapita na bado anamwamini, moyo unakaza huku unacheka. Mwaka 1999, mara ya mwisho, Lucy anaitwa nyumbani kula, anamwachia mpira mdogo wake, Rerun. Sisi hatuonyeshwi kilichotokea. Lucy anamuuliza Rerun kama aliuondoa au Charlie Brown aliupiga, na Rerun anamjibu kwamba hatajua kamwe. Saluni ina bahati hiyo ambayo wachoraji wengi wa leo hawana: wateja wangu wanarudi watake wasitake, nywele zinaota.

Kuna jambo moja siliungi mkono, nalo ni Franklin. Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia Schulz akimwomba aingize mtoto mweusi kwenye katuni. Schulz alisita, akiogopa asije akaonekana anawafanyia weusi hisani. Mwishowe tarehe 31 Julai 1968 Franklin akatokea ufukweni, amemrudishia Charlie Brown mpira uliochukuliwa na maji. Zilikuja lawama za watu wasiotaka kuwaona watoto wale darasa moja, na mkuu wa kampuni alipotaka mabadiliko Schulz alimwambia achapishe kama ilivyochorwa la sivyo yeye anaacha kazi. Kwa hilo namvulia kofia. Ila ukimsoma Franklin miaka inayofuata, hana kasoro. Wenzake wanazo: Linus hawezi kuachana na blanketi lake, Lucy ana mdomo, Schroeder haoni mtu zaidi ya piano. Franklin ni mtoto mwema tu, na mtoto mwema hachekeshi. Schulz alimshika kwa tahadhari mno. Kwa sababu hiyo, nilipomwingiza mtoto mgeni mtaani kwa akina Seba, kahamia kutoka Kigoma, nilihakikisha kaja na ila yake: anajua kila kitu kuhusu samaki na hakuna anayemuuliza.

Ya mkono sasa. Mashine ya kunyolea inatetemesha. Jumamosi jioni, baada ya vichwa, ndevu na skrabu za wanaojiandaa na harusi, ukishika kalamu mstari unayumba. Ndiyo maana nachora Jumatatu asubuhi, siku ambayo saluni imelala. Schulz alifanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1981, na baada ya hapo mkono wake ukawa unatetemeka. Vibonzo vya miaka ya mwisho unauona mtetemo wenyewe kwenye mistari, naye hakumpa mtu mwingine kalamu. Nilipolijua hilo niliacha kufutafuta. Manyoya ya jogoo wangu nayachora kwa mkono uliochoka makusudi, yanapendeza zaidi.

Pa kukitundika nako palinisumbua. Nilikiweka kwanza kando ya kioo, mbele ya kiti. Mteja akacheka wembe ukiwa nyuma ya sikio. Nikakihamisha siku hiyohiyo. Sasa kiko ukuta wa nyuma, ndani ya mfuko wa nailoni ili vumbi la nywele lisikiingie. Walio kwenye benchi wanakisoma vizuri. Aliye kitini anakiona kwenye kioo maneno yamegeuka, hivyo anavumilia mpaka nimpanguse shingo, anainuka, anasoma, ndipo analipa. Umeme ukikatika katikati ya kichwa, ndiyo burudani pekee iliyobaki.

Mabishano yaliyopo kwa sasa ni kuhusu Seba. Yule mzee mstaafu anasema mtoto adake angalau penalti moja, ameteseka vya kutosha. Vijana wa bodaboda wanakataa katakata; wanasema akidaka tu, kibonzo kimekufa. Niliwaeleza kwamba Charlie Brown, aliyeanza kuonekana 1950, alipiga mpira wake wa kwanza wa ushindi kwenye besiboli mwaka 1993, na katuni iliendelea vizuri tu. Wakauliza hiyo ni miaka mingapi. Wakapiga hesabu, wakaridhika. Seba atadaka, ila si msimu huu.