Kabla ya Kumwaga Kokoto, Yafuate Maji

Nimekuwa nikishiriki kukarabati njia ya miguu inayopita msituni, na siku za mwanzo hatukugusa kokoto hata moja. Tulisubiri mvua inyeshe, kisha tukaitembea njia nzima tukitazama maji yanakoingia, yanakotuama na yanakotokea. Baadhi yetu waliona tunapoteza wakati, lakini matembezi hayo ndiyo yaliyotuonyesha chanzo cha ubovu: njia ilikuwa imekanyagwa miaka mingi hadi ikabonyea katikati, ikawa mfereji, na kila mvua ikautumia.

Penye tope, mtembeaji hupita kando, na anayemfuata hupita kando zaidi, hadi njia ya upana wa mita moja inakuwa uwanja mpana usioota kitu. Miche iliyokuwa ikichipua pembeni hufa kwa kukanyagwa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba njia nzuri huharibu msitu. Inayouharibu ni njia mbovu.

Tulianza kwa kuuinamisha uso wa njia upande wa bondeni, sentimita tatu hadi tano kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke badala ya kutiririka kuifuata njia. Palipokuwa na chemchemi tuliweka bomba chini. Kwenye udongo laini tulitandika kitambaa kigumu cha ujenzi kinachopitisha maji lakini kinachozuia mawe yasizame, juu yake tukaweka mawe yaliyopondwa, unene wa sentimita kumi na tano, tukashindilia, kisha tukamalizia kwa tabaka jembamba la kokoto ndogo zenye vumbi lake. Vumbi hilo lisichekechwe, kwa kuwa ndilo linalozishikanisha. Kokoto za mtoni, pamoja na uzuri wake wote, ni za mviringo na huteleza chini ya kiatu, ilhali zilizopondwa zina pembe zinazong'ang'aniana. Unyevu nao una kiasi chake: zikiwa kavu hazishikani, na zikilowa mno hugeuka uji chini ya mashine ya kushindilia.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya mizizi. Mzizi mnene ulikuwa umevuka njia, watu wakijikwaa, nami nilikuwa miongoni mwa waliotaka ukatwe. Aliyetusimamia alikataa, akatueleza kwamba sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa karibu na uso wa ardhi, mingi ndani ya sentimita sitini za juu, na kwamba mzizi wa unene ule hulisha mti na pia huushikilia wakati wa upepo. Hata kuushindilia udongo juu yake kunaweza kuukosesha hewa. Basi hapo hatukuchimba wala kupitisha mashine. Tuliisogeza njia kidogo, na pasipowezekana tukaiinua taratibu kwa mawe makubwa yenye nafasi kati yake. Sasa naipenda sehemu hiyo kuliko nyingine zote.

Kazi iliyobaki ni ndogo lakini haina mwisho. Majani yanayopukutika huziba midomo ya mitaro, huoza, na kushika maji juu ya kokoto mpya. Kwa hiyo kila baada ya mvua kubwa mmoja wetu huipitia njia na reki na sepetu, akianzia juu.