Ogden, nilikoifuata M1911 hadi nyumbani kwao

Nilipanda treni ya FrontRunner asubuhi kutoka Salt Lake City kwenda kaskazini. Kulia kuna milima ya Wasatch, kushoto, mbali kidogo, ndiko liliko Ziwa Kuu la Chumvi. Baada ya kama saa moja hivi umeshafika Ogden, jimbo la Utah, na ukishuka unatembea hatua chache tu hadi Union Station, stesheni kongwe ambayo ndani yake kuna makumbusho ya silaha za John Moses Browning, mbunifu wa bunduki na bastola. Alizaliwa mji huu mwaka 1855, akajifunza kazi kwenye karakana ya baba yake, fundi bunduki.

Bunduki za kuwindia nilizipita haraka. Nilichokifuata ni M1911, bastola aliyoibuni Browning, iliyokuwa rasmi katika jeshi la Marekani kuanzia 1911 hadi 1985.

Kisa chake wengi wanakijua: huko Ufilipino wanajeshi walilalamika kwamba rivolva zao za .38 (kipenyo cha risasi kwa inchi) hazimsimamishi adui anayewajia mbio. Mwaka 1904 maofisa wawili wa jeshi, Thompson na LaGarde, wakafanya majaribio, wakashauri risasi isipungue .45. Wasimuliaji wengi hukomea hapo, kwenye ukubwa wa risasi. Mimi naona sifa kubwa ya bastola hii iko kwingine.

Tazama kwa makini bastola za mwanzo ambazo Browning alikibunia kiwanda cha Colt, za miaka ya 1900 hadi 1905. Karibu na mdomo wa mtutu utaona kipande cha chuma kimepenya ubavuni mwa kifuniko cha juu, kile kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Kabari hiyo ndiyo iliyokizuia kifuniko kisichomoke. Ikivunjika, kifuniko chote kingeweza kumrukia mpigaji usoni. Mtutu nao ulishikiliwa na viungo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Sasa angalia M1911: kabari haipo, na kiungo kimebaki kimoja tu, kipande kidogo chenye umbo la tarakimu 8 chini ya mtutu, nyuma. Risasi ikitoka, mtutu na kifuniko hurudi pamoja vikiwa vimefungana. Halafu kiungo kile huuvuta mtutu chini, meno yake yaachie, kifuniko kiendelee peke yake kutupa ganda na kurudi na risasi mpya. Browning aliondoa vitu, na silaha ikawa salama na imara zaidi. Nilisimama pale muda mrefu.

Wanajeshi wapanda farasi nao walikuwa na madai yao, na yalikuwa ya haki kabisa. Mtu mwenye hatamu mkono mmoja lazima aweze kuitumia bastola kwa mkono uliobaki bila kuhatarisha maisha yake wala ya farasi. Ndiyo maana M1911 ina sefti, yaani kizuizi cha usalama, nyuma ya mpini, isiyoachia mpaka kiganja kiikaze, na nyingine ya kidole gumba iliyoongezwa mwishoni.

Machi 1911 ilipigishwa risasi 6,000 mfululizo. Ikipata moto sana, inachovywa majini, kazi inaendelea. Haikukwama hata mara moja. Mshindani wake, bastola ya kampuni ya Savage, ilikwama mara 37. Tarehe 29 mwezi huohuo jeshi likaipokea.

Miaka ya 1920 kifyatulio kilifupishwa na mpini ukarekebishwa, ikaitwa M1911A1. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Remington Rand, watengenezaji wa taipureta, waliitoa kwa wingi kuliko Colt, watengenezaji wake wa kwanza. Singer wa vyerehani walitengeneza 500 tu.

Nilipotoka, safari iliyofuata nilishaijua: Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Browning alifia huko kwenye kiwanda cha silaha cha FN, Novemba 1926, bastola nyingine ya kijeshi ikiwa haijakamilika. Dieudonné Saive, mbunifu wa FN, aliimalizia, na mwaka 1935 ikatoka kwa jina la Hi-Power.