Sakafu ya mvule na jua la magharibi: nilivyoelewana nayo

Sakafu ya sebule yetu ni ya mvule, vipande vifupi vilivyolazwa mshazari, ncha ya kimoja ikigota ubavu wa mwenzake, mfano wa miba ya samaki. Nyumba ni ya zamani, ipo Tanga, na madirisha makubwa yote yanatazama magharibi. Tangu tuikwangue na kuipaka upya, wageni huuliza: mbona mmechanganya mbao za aina mbili?

Hatukuchanganya. Ukisimama katikati ya chumba ukatazama dirishani moja kwa moja, vipande vyote vinakaribiana rangi. Sogea kushoto hatua chache: nusu yake vinang'aa kama asali, nusu vimekuwa kahawia. Nenda kulia, vimebadilishana. Nyuzi za mbao hurudisha mwanga kufuatana na zilivyolala, na hapa jirani wawili hawalali upande mmoja. Mvule tena una mambo yake: nyuzi zinapishana ndani ya kipande kimoja, tabaka moja limeegemea huku, linalofuata kule, ndiyo maana unaona mistari inayocheza ukitembea.

Nilipolijua hilo, kazi yote niliipanga kwa kufuata mwanga. Kwenye msasa ndipo penye shughuli. Sakafu ya mbao zilizonyooka unapitisha mashine kwa urefu wa nyuzi, basi. Hii, vyovyote utakavyopita, kuna vipande utavikata nyuzi, na mikwaruzo hiyo mchana huioni. Fundi alitaka kuanza vanishi jioni ileile. Nikamwambia, "Subiri giza liingie, fundi." Tukazima taa zote, nikalaza tochi sakafuni mwanga ukipita chini chini. Kila mkwaruzo ulitupa kivuli chake, na karibu na mlango kulikuwa na viduara vya mashine vilivyopangana vizuri kabisa. Akacheka: "Dada, wewe unanitafutia kazi." Lakini asubuhi alirudia, akapita na msasa hatua kwa hatua, kutoka mkali hadi laini, namba 60, 80, 100, hadi 120, bila kuruka, na usiku tukarudi na tochi. (Vumbi la mvule linawasha ngozi na kukereketa koo. Barakoa si mapambo.)

Vanishi sikuichagua dukani. Nilipaka sampuli kwenye vipande vya akiba, nikaviweka sehemu tatu: chini ya dirisha, katikati, na koridoni. Ile ya kung'aa sana ilipendeza koridoni, ila dirishani jua likianza kushuka iligeuka kioo. Unaona dirisha limelala sakafuni na mpangilio wa mbao umepotea. Isiyong'aa kabisa iliufanya mvule uonekane mkavu. Nikachukua ya nusu kung'aa, na sijaijutia.

Usiku ni habari nyingine. Taa tulizokuwa nazo ni zile nyeupe za 6500K, zilizojaa madukani, na chini yake mvule ulikuwa na rangi ya maiti. Nilibadilisha nikaweka za 2700K. Namba hiyo ya rangi ya mwanga imeandikwa kwenye boksi; ikiwa ndogo, mwanga ni wa njano zaidi. Njano na wekundu vikarudi. Halafu taa moja ya katikati ya dari inamwaga mwanga sawasawa kila upande, inaufuta ule mchezo wote wa rangi. Taa mbili za kusimama, fupi, zikiwa pembeni, zimesaidia kuliko fedha yoyote niliyotumia kwenye vanishi.

Kuna suala la zulia. Mvule uliotoka kukwanguliwa ni wa manjano, na mwanga huutia kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Mama alitaka zulia lake lirudi mara tu vanishi ilipokauka. Nilimwomba avumilie miezi kadhaa, sakafu yote ikolee pamoja, kwa sababu chini ya zulia pangebaki mraba wa manjano ambao kila mtu angeuona siku tukilihamisha. Alinuna kidogo, akakubali. Sasa limewekwa, nami hulisogeza kila ninapofanya usafi mkubwa. Mapazia mepesi yanafungwa kuanzia saa tisa, maana jua kali la moja kwa moja mwaka baada ya mwaka huichosha mbao na vanishi yenyewe.

Koridoni hakuna dirisha, na mpangilio ule hauonekani kabisa. Fundi wa umeme ameshapima ukuta. Tunaweka taa mbili ukutani, chini karibu na sakafu.