Kichwa kilichouma zaidi nikilala

Mtoto alikuwa na siku 12 kichwa kilipoanza. Kila aliyekuja kutuona alisema ni uchovu wa uzazi, nami nikaamini, maana kweli usingizi sikuwa nao. Ila maumivu yale yalikuwa na tabia yake: nikikaa yanapoa kidogo, nikijilaza yanapanda, na nikikohoa au kuinama kumwogesha mtoto naona kama fuvu linapasuka. Usiku wa nne nililala nimeketi, mgongo ukutani. Kulipokucha, maandishi kwenye simu yalikuwa na ukungu.

Zahanati walinipima presha, ikawa nzuri, nikapewa dawa ya maumivu. Jioni hiyo mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe. Kilichofuata nimesimuliwa na mama: degedege, mwili mzima.

Hospitalini picha ya CT haikuonyesha kitu. Daktari hakuridhika. "Dada, kinauma zaidi ukilala au ukikaa?" Nilipomjibu, akaagiza picha ya MRI ya mishipa ya vena, na huko likaonekana bonge la damu limeziba mfereji unaotoa damu kwenye ubongo kuirudisha moyoni. Alinieleza hivi: bomba linamwaga maji, tundu la sinki limeziba. Damu inaingia, kutoka haiwezi, presha inapanda ndani ya fuvu. Ndiyo yale macho, ndiyo ile degedege.

Kwa nini mimi? Wakati wa ujauzito na wiki chache baada ya kujifungua, damu huganda upesi kuliko kawaida. Wengine bonge kama hili huwapata kwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maambukizi ya sikio, kukaukiwa maji mwilini, au hali ya kurithi ya damu kuganda haraka.

Nilianza na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha vidonge vya warfarini vya kazi hiyohiyo kwa miezi 6, huku nikiendelea kunyonyesha. Kazi ilikuwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kibaki kati ya 2 na 3. Mboga za majani sikukatazwa, niliambiwa tu nile kiasi kilekile kila wiki. Nilipozidisha, kipimo kilishuka. Kidonge nilikimeza saa 2 usiku, kwa kengele ya simu.

Mtoto alipofikisha miezi 8 nilikwenda kliniki ya uzazi wa mpango. Nesi alishanyoosha mkono kuchukua pakiti ya vidonge. Nikamwambia kilichonipata. Akairudisha kabatini, akavuta kiti.