Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na wanaotunza wazazi wenye dimenshia, San Antonio

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya rangi, simu mkononi. Kuna meseji imeingia saa tisa usiku, ya Kihispania, kutoka kwa dada mmoja wa huku West Side: mama kaamka tena, anataka kwenda kwao. Kwao ni kijijini Jalisco, Meksiko, aliondoka huko akiwa msichana wa miaka 19. Dada hajauliza chochote, alitaka tu mtu ajue. Namwambia leo nitapita.

Mimi mtu wa Kilifi, hapa Texas huu mwaka wa tisa, na kazi yangu ni kwenye mradi wa utafiti wa dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, kwa wazee wa Kilatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Watu wanauliza Mswahili na Walatino wapi na wapi. Kihispania nimekiokota kazini, miaka minne nilikuwa naogesha wazee majumbani, na ukishazoea kumwogesha mama wa mtu na kumlisha, lugha yake inakuingia yenyewe.

Saa tatu, ukumbi wa kanisa. Kikundi cha wanaotunza wazazi, leo wamekuja kumi, tisa wanawake. Anayeongoza ni promotora, mama wa mtaa huuhuu aliyefunzwa mambo ya afya, wanamsikiliza yeye kuliko daktari yeyote. Mimi nagawa kahawa, mikate ya concha na fomu. Swali la kwanza: je, wewe ni cuidadora, yaani mtunzaji wa mgonjwa? Sita wameweka hapana. Kuna mama hapo analala kwenye kochi ameliegesha mlangoni ili mamake asitoke usiku, kazi kaacha, mgongo umemwisha, na yeye kaweka hapana. Namuuliza kwa upole, ananiangalia kama nimemtukana: “Soy su hija.” Mimi ni binti yake. Na namwelewa jamani, hata kwetu nani anajiita mhudumu wa mamake mzazi? Ila hapo ndo msaada unapowapita, sababu kila tangazo, kila namba ya simu, kila mpango umeandikiwa cuidadora na yeye anaona si yeye anayeitwa, basi anabeba peke yake mpaka anaanguka.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Marekani wazee Walatino wako kwenye hatari ya Alzaima na dimenshia nyingine kama mara moja na nusu ya wazee wazungu, sukari na presha zinachangia, na wengi wanafika kwa daktari mambo yameshaharibika. Dada mmoja katuambia leo kliniki ya kwanza walimwambia “ni uzee tu”, na aliyekuwa anatafsiri pale ni mwanawe wa miaka 12. Mtoto wa miaka 12 anamtafsiria daktari akili ya bibi yake!

Saa saba mchana, testi ya kumbukumbu na akili nyumbani kwa mzee mmoja, miaka 81, kalima maisha yake yote, shule kaenda miaka miwili. Namwambia achore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Anashika kalamu kama anashika jembe, anachora duara zuri kabisa, alafu anakwama. Lakini dakika tano kabla alinieleza mahindi hupandwa lini, mvua ikichelewa unafanyaje, yote kwa mpangilio. Hapa lazima mtu uwe makini sana, testi nyingi zinapima shule pamoja na akili, na usipojua hilo unampa mtu mzima ugonjwa asokuwa nao, au ugonjwa upo na unasema ni kukosa shule. Ndo maana nakaa naandika kila kitu pembeni, hata mahindi.

Saa kumi na nusu kwa yule dada wa meseji. Jua likianza kushuka ndo mama anaanza, anazunguka, anakunja kanga (mimi naiita kanga, ni shali), anaifungia ndani brashi ya nywele na picha ya marehemu mumewe, anafunga fundo mara mbili. Safari. Binti zamani alikuwa anamwambia “mama, kwako ni hapa”, vita inaanza. Sasa hivi anakaa chini naye anamuuliza, huko kwenu kuna miti gani? Mama anataja maembe, mapera, fundo linalegea lenyewe. Hakuna aliyemfundisha, kagundua mwenyewe.

Nikimwona nakumbuka kwetu Kilifi, wazee wanaopotea njia na kuongea peke yao wanaitwa wachawi, na wengine wameuawa kwa hilo. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Namweleza kuhusu GUIDE, mpango wa Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee) ulioanza Julai 2024, wanaostahili wanaweza kupata hadi dola 2,500 kwa mwaka za kulipia mtu wa kumpokea binti apumzike. Ananiuliza, apumzike aende wapi? Nikamwambia akalale. Akaanza kulia.

Saa mbili usiku niko mezani naingiza fomu. Ya yule dada ameijaza leo wakati mama anakula. Pale kwenye cuidadora kaweka ndiyo, alafu pembeni kwa herufi ndogo kaandika kwa Kihispania: hija, binti. Kompyuta inakubali moja au sifuri basi. Nimeweka moja, na kwenye maoni nimeandika hija.