Ninavyochagua kitabu cha kunijenga
Nikitafuta kitabu cha kunijenga, siku hizi sianzii kwenye vile vinavyoahidi utajiri wa haraka, ambavyo vingi, kwa maoni yangu, hurudia wazo moja hadi ukurasa wa mwisho. Naanza na wasifu. Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert, umenifunza subira kuliko nasaha nyingi, kwa kunionyesha mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kabla ya kulipa, husoma yaliyomo na kurasa chache za katikati, kwa kuwa sura ya kwanza mara nyingi hupambwa ili kitabu kiuzike. Wauzaji wa vitabu vya mitumba hawanikatazi, ilimradi nisikunje kurasa.